Pamba ndani ya chupa

Chupa ya dawa ina sauti yake. Itie kwenye mkoba, tembea nayo, utasikia vidonge vikicheza ndani ya plastiki, na yeyote aliyewahi kuishi na dawa za virusi vya Ukimwi ataitambua hata akiwa siti ya mwisho ya basi. Ndiyo maana kwa miaka mingi, kila niliporudi kliniki, nilikuwa nabandua karatasi ya chupa, nashindilia pamba juu ya vidonge mpaka chupa inakuwa bubu. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, pamba na vitambaa havinipungukii. Nilimshonea binti yangu na kifuko cha kitenge chenye kamba mdomoni, cha kuhifadhia ile chupa. Nilipokata uzi wa mwisho nilikitazama nikasema moyoni, hapa nimemkinga mwanangu.

Ilinichukua zaidi ya miaka kumi kujua nilichokuwa nimemshonea.

Ana miaka 16 sasa. Rehema si jina lake, amelichagua mwenyewe kwa ajili ya maandishi haya, na hakuna neno hapa ambalo hajalisoma na kulikubali. Habari ya damu yake ni yake. Hilo nalo nimechelewa kulijua.

Mwishoni mwa 2011 nilipeleka sare nilizoshona kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto. Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka tisa ya ndoa, hatujajaliwa mtoto, na watu walikwisha acha kutuuliza. Nikiwa nahesabu magauni na mlezi wa kituo, katoto kakaja kakashika futi ya kupimia iliyokuwa inaning'inia shingoni kwangu. Kalikuwa na miaka miwili na nusu, kichwa kimenyolewa, kimejaa mapunye, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kalishika ile futi hakakuiachia. Mlezi akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, huyo usimzoee." Nikauliza kwa nini. "Yuko kwenye dawa."

Nililala na neno hilo. Usimzoee. Yule mama hakuwa mtu mbaya, aliwaogesha watoto wale kila siku kwa mikono yake. Alikuwa ananihurumia mimi, nisije nikapenda kitu kitakachoniponyoka. Lakini nilimwona mtoto anayekua katikati ya watu wazima waliokubaliana wote kutomzoea.

Mume wangu ni seremala. Nilipomweleza hakunijibu. Siku mbili alipiga randa kimya. Siku ya tatu jioni, akinawa mikono uani, akauliza, "Dawa zake zinachukuliwa wapi?" Nikajua tumekubaliana.

Watu wengi huku kwetu hulea watoto wa ndugu bila karatasi yoyote, na wanawalea vizuri tu. Sisi hatukuwa ndugu zake. Mama yake alikuwa amefariki, upande wa baba haukujulikana, na ndugu wa mama walisema wameshindwa. Afisa ustawi wa jamii alikuja nyumbani, akaangalia tunapolala na choo chetu, akauliza majirani habari zetu. Tukaanza na malezi ya kambo, kama sheria inavyoyaita, kisha shauri la kuasili likaenda Mahakama Kuu kule Iringa. Safari zile zilikuwa nyingi na nauli ilituumiza, ila namwambia kila anayeniuliza: ukiweza, pita njia hiyo. Kwenye kikao cha ukoo baba mkubwa wa mume wangu alisema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nyie mtaujulia wapi?" Akageukia mashamba: mtoto wa kuokota, tena na ugonjwa juu yake, atarithi nini? Mume wangu alimjibu kwa upole kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliyeasiliwa ni mtoto wetu kama wa kuzaa, na urithi wetu ni wake. Hakuna aliyepiga makofi, lakini mjadala wa mashamba uliishia pale.

Sasa nije kwenye dawa, maana ndizo zilizonifundisha umama.

Siku hizi watoto wadogo wanapewa kidonge cha dolutegravir kinachoyeyuka kwenye maji, kina ladha ya tunda. Nikiwaona akina mama vijana pale kliniki wanakikoroga kwenye kijiko nafurahi kwa moyo wote. Sisi tulipewa dawa za maji, na mojawapo ilikuwa chungu kiasi ambacho mtoto akiiona chupa tu anaanza kutapika. Nesi alinifundisha kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, asubuhi saa moja na jioni saa moja, siku zote, hata sikukuu, hata msibani. Akitapika kabla ya nusu saa unampa tena. Mume wangu anamshika mikono, mimi namminya mashavu, mtoto analia, na mimi nalia. Akimaliza nampaka siagi ya karanga ulimini ili uchungu ukatike. Sikuwa na friji. Baridi ya Makambako, ambayo watu wa pwani wakishuka kwenye basi huilalamikia, mimi ilinisaidia kutunza zile chupa.

Kwa miezi mitatu ya kwanza nilidhani anazidi kuisha. Kisha siku moja nilimvalisha gauni nililomshonea mwenyewe, kifungo cha mgongoni hakikufika kwenye tundu lake. Nikalifumua, nikaliongeza. Baada ya wiki chache likabana tena. Sijawahi kufumua nguo kwa furaha namna ile.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi nasi, na ndiye aliyeleta kikombe. Kilikuwa cha plastiki, cha kijani. Hakusema kitu. Alikiweka peke yake kwenye rafu ya chini, na chai ya Rehema ikawa inamiminwa humo tu. Baadaye ikaongezeka sahani, kisha kijiko. Vikioshwa, vinaoshwa mwisho, na maji yanamwagwa mbali. Nilimweleza mara nyingi kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe, wala kwa mate, wala kwa kulala kitanda kimoja. Alikuwa anaitikia, "Ndiyo mwanangu," na kesho yake kikombe kipo palepale. Nilimwona mkatili. Usiku nilikuwa namsema kwa Mungu, kwa maana baba mkwe alishatangulia na sikuwa na mwingine wa kumshitakia.

Nilichokuwa nakijua na sikukifikiria ni kwamba bibi yule alizika watoto watatu. Wa mwisho alikuwa kijana wa miaka 24, alifariki mwaka 2002. Dawa za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Aliwauguza wote watatu mwenyewe, akiwabeba mgongoni kwenda chooni na kuwafulia mashuka kwa mikono mitupu, wakati majirani wanapita mbali na wengine wanamwambia ni kurogwa. Yeye hakuwahi kumtenga mgonjwa maishani mwake. Kilichomshinda ni kuanza upya.

Mwaka 2014 nilifanyiwa upasuaji, mume wangu yuko safarini kufuata mbao, na siku ya kliniki ya Rehema ikafika. Hakukuwa na mtu mwingine. Bibi akajifunga mitandio miwili, akamshika mtoto mkono, wakaenda. Pale CTC, yaani kliniki ya dawa hizi, siku ya watoto ilikuwa kama uwanja wa shule: wanakimbizana, wananyang'anyana mpira, mmoja wa darasa la saba anafanya hesabu za kazi ya nyumbani juu ya benchi. Bibi alikaa hapo tangu asubuhi mpaka saa nane.

Aliporudi aliingia chumbani nilipolala, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikaa muda. Kisha akauliza, "Kumbe hawafi?"

Nikamwambia, wakimeza dawa vizuri hawafi, mama, wanakua.

Akawa anahesabu kwa vidole, polepole, kwa Kibena. Alikuwa anahesabu wanawe wangekuwa na umri gani.

Sikumwona siku aliyokiondoa kile kikombe. Nilikuja kukikuta siku nyingi baadaye bandani, kinatumika kupimia pumba za kuku.

Tangu hapo nimekuwa na subira na hofu za watu, ingawa si na za watu wote. Mtu mwenye kidonda na mtu mwenye domo wanaweza kusema neno lilelile, na ukiwajibu sawasawa utamwonea mmoja wao. Mkoa wetu wa Njombe umezika sana. Hata utafiti wa taifa wa 2022-2023 uliona kwamba katika kila watu wazima 100 wa mkoa huu karibu 13 wanaishi na virusi, wakati kwa nchi nzima ni wanne na kitu. Kwa hiyo nikiwa na wateja kumi kibandani, wanasubiri nguo na kusengenya, nina hakika humo humo yupo anayecheka huku kidonge chake kiko kwenye pochi.

Lakini niliyemkosea Rehema zaidi nilikuwa mimi.

Alipofika miaka saba alianza kuuliza dawa ni za nini. Nikamwambia ni za kifua. Mshauri wa kliniki alinisihi nianze kumweleza kidogo kidogo, kwa hadithi ya askari wa mwili na wadudu waliolala, na kwamba dawa ndiyo inayowafanya wadudu wasiamke. Jina la ugonjwa litakuja baadaye, alisema, ila mtoto asikute tumemdanganya. Nilimwitikia kama mama mkwe wangu alivyokuwa ananiitikia mimi. Nyumbani niliendelea na kifua. Rehema akaniuliza, "Mama, kifua changu kitapona lini?" Nikasema karibuni.

Sasa mtoto akijua kusoma hakuna anayeweza kumzuia kusoma. Alikuwa na miaka tisa, tuko kwenye bajaji tunarudi, akasema, "Ukutani pameandikwa kituo cha tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Sisi tulikuwa tunamsubiri nani?"

Jioni ile mume wangu alifunga mlango wa mbele, tukakaa watatu jikoni karibu na jiko la mkaa, tukamwambia. Tukamwambia na habari za mama yake mzazi, kwamba yeye Rehema alizaliwa na virusi na hakuna aliyemkosea. Nilijiandaa kwa machozi. Hakulia. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikaanza kuwataja. Baba. Bibi. Baba mkubwa. Shangazi wa Mafinga. Afisa ustawi. Mwalimu wa darasa, maana nilimwambia siku ya kumwandikisha. Mchungaji. Jirani mmoja aliyewahi kumpa dawa nilipochelewa sokoni. Kadiri nilivyotaja ndivyo sauti ilivyonipungua. Rehema alinitazama akasema, "Kumbe mimi ndiye wa mwisho."

Nimeshona tangu nina miaka 17, nimechomwa na sindano kidoleni mpaka ikatokea upande wa pili. Hilo neno liliniingia kuliko sindano.

Na yule mwalimu niliyemwamini ndiye aliyekuja kutuumiza. Mwaka uliofuata Rehema alichaguliwa timu ya netiboli ya darasa la nne. Ana urefu, ana mikono ya kudaka. Wiki ya mashindano akaambiwa akae benchi awashikie wenzake masweta. Sababu hakuambiwa yeye, iliambiwa ofisi nzima ya walimu: akianguka akatoka damu, je? Watoto wa walimu wakasikia nyumbani, wakaja nayo shuleni. Siku mbili tu, mtoto akawa anakaa dawati peke yake.

Tulikwenda mimi na mume wangu, tumevaa nguo za kanisani. Nilikuwa nimepanga kupiga kelele. Mume wangu alinizuia mlangoni. Alimwuliza mwalimu mkuu jambo moja: akianguka mtoto mwingine yeyote, damu ikatoka, mnafanyaje? Mkuu akasema, tunavaa glavu, tunasafisha kidonda, tunafunga. Mume wangu akasema, "Basi na huyu fanyeni hivyohivyo." Ndipo mimi nikataja sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008, kwamba anayetoa siri ya majibu ya mtu bila ridhaa yake amevunja sheria, na anayemtenga pia. Niliitaja bila kupaza sauti. Mwalimu wa darasa aliinamisha uso. Kwa haki nimseme na kwa lililo jema: alikuja nyumbani Jumapili, peke yake, akamwomba radhi mtoto, si mimi. Na mkuu alimleta nesi shuleni akaongea na walimu kwanza, watoto baadaye.

Rehema alicheza. Walifungwa. Wenzake wawili hawakurudi kukaa naye mpaka wanamaliza la saba.

Baada ya hapo ndipo nilipozidisha pamba. Nilijiambia dunia ni mbaya, tujifiche vizuri zaidi. Mwaka 2021 dawa zake zikawa kidonge kimoja kwa siku, saa tatu usiku, nikashukuru kwa sababu sasa chupa ni moja ya kuficha. Nilimfundisha kumeza akiwa amegeukia ukuta. Nilimfundisha kusema "nina aleji". Akiwa na wageni chumbani nilikuwa nabisha hodi na kumwita nje, "njoo unisaidie taa," na hilo ndilo lilikuwa neno letu la dawa. Vipimo vyake vya wingi wa virusi vilikuwa vinarudi vizuri, haigunduliki, mwaka baada ya mwaka. Nani angeniambia nimekosea?

Mwaka 2024, yuko kidato cha pili, kipimo kilirudi 38,000.

Nesi aliisoma namba ile mara mbili. Rehema alikuwa anatazama kucha zake. Njiani hakuna aliyesema. Nilipofika nyumbani nikaanza kupekua kama polisi: chini ya godoro, kwenye begi, ndani ya soksi. Sikuona kitu. Baada ya siku tatu mteja akaniomba kiraka cha kanga kuukuu. Nikachovya mkono kwenye kiroba cha vipande nilichokiweka chini ya cherehani, nikagusa kitu kama shanga. Nikamwaga kiroba sakafuni. Vidonge vilikuwa vimefungwa kimoja kimoja kwenye vipande vya vitambaa, kila kimoja na kitambaa chake, vimefungwa kwa uzi kwa ustadi niliomfundisha mimi.

Nilihesabu 61.

Nilimngojea arudi shule na nilikuwa nimekasirika kweli. Nilimwuliza kama anataka kufa. Nilimkumbusha zile chupa chungu, nauli za Iringa, kila kitu, maneno ambayo mzazi hapaswi kumdai mtoto. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaenda sebuleni, akarudi na chupa ya dawa ya presha ya bibi yake, akaiweka mezani, na pembeni yake akaweka kile kifuko cha kitenge.

"Dawa ya bibi inakaa mezani kila siku," alisema. "Wageni wanaiona, wanamwuliza presha inaendeleaje. Yangu umeivisha nguo. Kama siyo kitu kibaya, mbona inavaa nguo?"

Shuleni, kumbe, kulikuwa na utani. Ugonjwa huu haujapata kupumzika majina. Kagera miaka ya 1980 uliitwa Juliana, kwa jina la mavazi yaliyokuwa yanavuka kutoka Uganda, na jina hilo mimi fundi hunichoma hata leo. Hapa kwetu ni ngoma, ni mdudu, ni umeme. Mvulana mmoja alimwonyesha kidole msichana mwembamba darasani akasema huyo kakanyaga miwaya, darasa likacheka. Wala hakuwa Rehema. Alikuwa mwingine kabisa. Rehema naye alicheka ili asijulikane, na usiku ule alishindwa kumeza. Kesho yake akashindwa. Aliniambia, "Nilikuwa nikikishika nasikia wanacheka."

Nilimwambia naomba anisamehe. Sikuwa na maneno mengine.

Tulivyofanya baada ya hapo vilikuwa vitu vidogo. Ile pamba niliitoa siku ileile. Chupa ikahamia mezani, pembeni ya presha ya bibi, na saa tatu usiku wakawa wanakunywa pamoja, mmoja anamkumbusha mwenzake. Bibi akiwa amepitiwa na usingizi Rehema anamwamsha. Kliniki wakatupangia vikao vitatu vya ushauri wa ufuasi, yaani wa kumeza dawa bila kuruka, kimoja kila mwezi, na kikao cha pili mshauri aliniomba nikae nje. Nilikaa nje. Jumamosi akaanza kwenda kwenye kundi la vijana wa kliniki, na huko ndiko alikopata kile ambacho mimi siwezi kumpa: wenzake wanaosema "leo nimechoka nazo" bila mtu kushtuka.

Kuhusu nani ajue, tukaacha kuamua sisi. Anaamua yeye. Chupa kukaa mezani kwetu haina maana ya kubandika tangazo sokoni. Mwaka huo aliwaambia rafiki wawili. Mmoja alimkumbatia na hajabadilika. Wa pili mama yake alimzuia asije tena nyumbani, na nikikutana na mama huyo njiani tunasalimiana, kamwene, kamwene, tunapita. Nilitamani kumfuata nimweleze. Rehema alinikataza. Alisema, "Hiyo ni kazi yangu, na leo sitaki kuifanya."

Kipimo cha kurudia kilirudi haigunduliki. Nesi alitoka nje ya chumba kututafuta, alishindwa kusubiri tuitwe.

Mapema 2025 zilipokuja habari kwamba Marekani imesitisha misaada, tulifika kliniki tukakuta meza ya mshauri wetu haina mtu. Alikuwa analipwa na mradi. Nesi wa serikali alikuwa peke yake na foleni imetoka mpaka nje. Dawa tulipata, lakini usiku ule Rehema alizimwaga kitandani akazihesabu, vidonge 90, akagawanya kwa siku, akaniuliza zikikatika tutafanyaje. Nilimjibu kwamba sijui, ila hutahesabu peke yako. Kwa miaka yote nilikuwa nahofia midomo ya watu wa mtaani kwetu. Sikuwahi kuwaza kwamba pumzi ya mwanangu imefungwa kwenye uamuzi wa watu walio mbali kiasi hicho. Nchi yetu ina wajibu wa kununua dawa hizi kwa fedha yake, na sitachoka kulisema hilo kwenye mkutano wowote wa mtaa.

Siku za likizo ananisaidia kibandani. Anafunga vifungo, anapiga pindo, mkono wake ni mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Mwezi wa sita mteja mmoja wa siku nyingi alimwona na sindano, akakumbuka aliyoyasikia, akasema nguo yake ishonwe na mimi tu. Nilikunja kitambaa chake vizuri, nikamrudishia na fedha yake ya utangulizi. Nilihitaji fedha ile. Wiki hiyohiyo mwanamke nisiyemfahamu alikuja kuongezewa sketi, akasubiri watu wote waondoke, akaniuliza kwa sauti isiyosikika vizuri, "Mama, mtoto akitapika dawa baada ya nusu saa, unampa tena?" Nikafunga mlango, nikampa kigoda.

Juzi jikoni, tunamenya viazi, Rehema akaniuliza kama ataweza kuzaa. Hakuinua macho. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, akina mama wengi pale kliniki wanazaa watoto wasio na virusi, mradi mama anameza dawa na virusi vimefubaa, na mtoto anapewa dawa yake ya kinga akishazaliwa. Na mume? Nikamwambia virusi visipogundulika kwenye damu havimwendei mwenzi kwa tendo la ndoa, hilo limethibitishwa, ila mume huyo umwambie mwenyewe, kabla, na akikimbia amejionyesha mapema. Akacheka. Akamenya viazi viwili vingine. Kisha akasema atamwita mwanawe jina la mama yake mzazi. Jina hilo tunalijua wote wawili, nami nimeliacha humo jikoni.

Nilipomaliza kuandika nilimpa daftari asome. Alisoma amelala kifudifudi, kalamu mkononi. Alifuta sehemu mbili, nami sikuuliza sababu. Kisha akarudi nyuma mpaka kwenye zile dawa za maji, akaninyooshea ukurasa.

"Hapa umeandika kwamba mlikuwa mnanishika mikono."

Nikasema ndivyo ilivyokuwa.

"Hukuandika kwamba ulikuwa unadondoshea ulimini kwako kwanza. Kila siku. Unakunja uso, unasema, kweli ni chungu, haya sasa wewe. Nakumbuka mimi. Liandike na hilo."

Nimeliandika.